Papa wa Mama Namnyaki

Papa alipofungua kinywa, watoto wote waliokuwa sebuleni kwa Loserian walipandisha miguu. Wale wa kwenye kochi waliikunja chini yao. Wale waliokaa chini hawakuwa na pa kuipandisha, wakaikumbatia. Sakafu ilikuwa saruji kavu, nyumba ilikuwa mtaa wa Sokon One, na kutoka hapo mpaka bahari iliko ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Lakini maji ya kwenye televisheni yalikuwa mengi, ya bluu, na yalikuwa yanakuja upande wao.

"Anasemaje?" aliuliza Elinaza, mtoto wa nyumba ya jirani, bila kugeuza shingo.

Mzungu wa kwenye kanda alikuwa anaongea kwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Loserian, ambaye kiti chake kilikaa pembeni ya televisheni kama cha mwenyekiti wa kikao, aliinua mkono watoto wanyamaze, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Anasema huyu papa hajala tangu juzi," alisema. "Na mtu akiwa hajala tangu juzi mnajua anavyokuwa."

"Ana hasira," alisema Derick, mwanawe wa mwisho.

"Hasira anazo. Lakini zaidi ana mawazo. Mwoneni anavyozunguka. Anajiuliza, leo watoto nitawapelekea nini."

Watoto wakamwonea papa huruma, kisha papa akamrarua samaki mmoja mnene, na huruma ikahamia kwa samaki.

Kusema kweli, Loserian hakumwelewa yule Mzungu hata kidogo. Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha kiwandani: hatari, washa, zima, muda umekwisha. Kwa kuwa aliwahi kupangwa zamu moja na Wazungu waliokuja kufunga mashine, mtaa mzima uliamini anakijua, naye hakuona sababu ya kuusumbua mtaa. Kiwanda kilipouzwa na yeye kupunguzwa kazi pamoja na wenzake, kiinua mgongo alikinunulia televisheni na deki ya video, wakati mkewe Anneth alikuwa anasema ng'ombe wa maziwa, ng'ombe wa maziwa. Kanda zilitoka kwa shemeji yake aliyekuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii Usa River. Hoteli ilikuwa inatupa vitu vya zamani, shemeji akaokota boksi bila kulifungua. Zilikuwa kanda chache, zote za papa.

Basi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kama umeme upo, watoto walinawa miguu bombani kwa amri ya Anneth, wakapanga ndala mlangoni, wakaingia mmoja mmoja. "Shikamoo, Baba Namnyaki." "Marahaba." "Shikamoo, Baba Namnyaki." "Marahaba, umekua." Mwanamume asiye na kazi huamkiwa kwa haraka mitaani, na wapo wanaojifanya hawakumwona. Loserian alizipokea zile shikamoo za Jumamosi kama mtu anayepokea mshahara.

Siku hiyo kanda ilifika kwa bwana mmoja mwenye kovu refu mkononi. Alikuwa amekaa mchangani anaongea huku anatazama chini.

"Huyu," alisema Loserian, "kaka yake aliliwa."

"Mwili wote?"

"Wote. Mpaka kofia."

Pakawa kimya. Namnyaki, binti yake mkubwa, alimshika Derick mkono.

"Na yule papa wakamfanyaje?" aliuliza Elinaza.

Swali lilimkuta hajajiandaa. "Wakamvua," alisema. "Wakampasua, wakamtia chumvi, wakamkausha, wakampeleka sokoni."

"Sokoni kama wale wa Mama Namnyaki?"

Hapo mtu mwenye akili zake angesema hapana, angesema wale wa Mama Namnyaki ni wengine kabisa, angesema chochote. Lakini kile kimya kilikuwa kitamu, macho yote yako kwake, na Loserian mwenyewe alikuwa Mwarusha wa Kisongo aliyekuzwa kwa maziwa na loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, mwana wa Simaloi, mama ambaye mpaka anakwenda kaburini aliwaambia wanawe kwamba samaki ni nyoka aliyehamia majini. Tangu Anneth aanze kuuza papa sokoni, hakuwahi kuwaonja. Moyoni aliona hakuna baya ambalo samaki hawezi kusingiziwa.

"Pengine," alisema.

*

Meza ya Anneth ilikuwa njia panda, jirani na mashine ya kusaga. Papa wakavu walilazwa juu yake kama mbao za fundi, weupe kwa chumvi, na harufu yao ilimfikia mnunuzi kabla yeye hajaifikia meza. Anneth alikuwa Mchaga wa Machame, nako hawakumfundisha habari za bahari. Biashara hii aliianza baada ya mume kupunguzwa, kwa msaada wa mama mmoja wa Tanga aliyekuwa anamletea gunia kila Jumatatu. Wengi walimcheka mwanzoni. Kisha nyama ikapanda bei, wakaja wenyewe, wakagundua kwamba kipande kidogo cha papa kikipata nazi na nyanya kinasindikiza ugali wa nyumba nzima.

Loserian alikuwa nyuma ya meza anafungua kamba ya gunia jipya asubuhi ile ya Jumatatu, wakati Tekla, mama yake Elinaza, alipokuja na kitu amekifunga kwenye gazeti.

"Mama Namnyaki, samahani, shoga yangu. Hebu nibadilishie hiki, unipe hata dagaa kama unao."

"Ameharibika?"

"Hana tatizo. Watoto wamekataa."

"Elinaza amekataa papa? Huyu anayelamba sufuria?"

"Ndiye kiongozi wao. Ananiambia, mama, mimi siwezi kula kaka wa mtu."

Wanawake wale wawili walicheka mpaka Tekla akashika ukingo wa meza. Loserian hakucheka. Alisema anakwenda kutafuta maji, akaondoka, na hakurudi na maji.

Kicheko kilikufa katikati ya wiki. Jumanne mtu mmoja alisema kwenye papa wa Mama Namnyaki amekuta unywele. Jumatano unywele ulikuwa umekuwa kucha. Alhamisi, kwenye foleni ya mashine, ilikuwa pete, tena ya ndoa, na aliyeisimulia alijua mpaka ilikuwa ya kidole gani. Wanawake walioipita meza ile siku zote bila kujali harufu sasa waliziba pua kwa ncha ya kanga. Binti mmoja mdogo mwenye ndoo ya unga alisimama mbele ya papa, akawatazama kwa heshima, akasema, "Poleni," akaenda zake.

Anneth alimsindikiza kwa macho. Hakuwa mwanamke wa kulia hadharani. Alichukua kitambaa akawafuta papa wake vumbi, mmoja baada ya mwingine, ingawa aliwafuta asubuhi na hakuna mkono uliokuwa umewagusa tangu hapo.

Loserian aliyaona hayo akiwa ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la fundi viatu, ingawa hakuwa amempelekea kiatu. Alijua yote yametoka wapi. Alijiambia ni maneno ya watoto, maneno ya watoto hayana miguu ya kwenda mbali. Halafu akamwona fundi viatu mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, anakitazama kifurushi chake cha chakula cha mchana kwa mashaka, na matumaini hayo nayo yakamwisha.

*

Jioni ya Alhamisi hiyo Anneth alipakua mapema. Aliweka ugali katikati, mchuzi wa papa kwa ajili yake na watoto, na pembeni sufuria ndogo ya maharage ya mumewe, kama alivyofanya tangu aanze biashara. Wakasali. Loserian akaanza na maharage yake. Namnyaki na Derick wakamega ugali, wakautafuna mkavu.

"Chovyeni," alisema Anneth.

Derick alimtazama dada yake.

"Namnyaki. Nimesema chovyeni."

"Tumeshiba, mama."

"Mmeshiba nini, na ndiyo kwanza mnakaa?" Anneth alisogeza bakuli karibu yao, na Derick akarudi nyuma kidogo na kigoda chake. Mama akaona. "Hata nyinyi? Hata nyinyi wanangu, mnaoniona nawaosha kwa mikono yangu? Nani anawaambia huu upuuzi?"

Namnyaki alishangaa kwa dhati. "Si baba?"

Kijiko cha Loserian kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Kilibaki hapohapo.

"Baba alitutafsiria," aliendelea Namnyaki, bila ubaya wowote, anamsaidia mama yake kukumbuka. "Yule Mzungu alisema papa aliyemla mtu walimkausha wakampeleka sokoni. Elinaza akauliza kama ni wako. Baba akasema pengine."

Anneth hakupandisha sauti. Aliwaambia watoto wachukue sahani zao wakale nje, barazani, na walipotoka alifunika bakuli la mchuzi kwa sahani nyingine, taratibu, kana kwamba ndani mna mtu amelala.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Mama Namnyaki, ilikuwa hadithi tu. Watoto wanapenda..."

"Wiki nzima unaniona. Umekaa kwa fundi viatu unaniona."

"Nilidhani yatapita."

"Yule mama wa Tanga anakuja Jumatatu. Akikuta gunia la wiki iliyopita limekaa kama alivyolileta, mzigo anampa yule mwenzangu wa soko la Kilombero anayemwomba kila siku. Akishahamia huko harudi. Unajua hapa ndani kuna nini kingine zaidi ya ile meza?"

Loserian alijua. Hapakuwa na kitu. Hata umeme wa ile televisheni ulikuwa unalipwa na papa.

"Sijakulazimisha hata siku moja," alisema Anneth. "Mama zangu wadogo walikuja hapa wakacheka, mwanamume gani anapikiwa sufuria ya pembeni kama mgonjwa, nikawaambia mwacheni, ndivyo alivyolelewa. Kutokula papa ni haki yako. Kuwazuia wengine wasile, hiyo haki amekupa nani?"

Loserian alirudisha kijiko kwenye maharage yake.

"Nitalimaliza jambo hili," alisema. "Jumamosi watoto wakija nitalimaliza."

"Utalimalizaje?"

"Nitawatafsiria vizuri."

Anneth alimtazama mumewe. Yeye alikuwa mtu pekee mtaani aliyejua Kiingereza cha Loserian kinaishia wapi, na hakuwahi kumwambia mtu.

*

Jumamosi watoto walikuja wachache, na waliokuja waliamkia kwa sauti ya chini kama wanaoingia msibani. Loserian aliweka kanda ileile. Bwana mwenye kovu alipojitokeza mchangani, alikohoa.

"Sasa sikilizeni vizuri. Huyu bwana anasema, papa ni samaki mpole. Anasema ukimwacha, naye anakuacha."

Elinaza alikunja uso. "Lakini juzi alisema kaka yake kaliwa."

"Juzi sikumsikia vizuri."

"Mpaka kofia."

"Kofia tu. Ililiwa kofia."

"Na kaka?"

"Kaka alikuwa safarini."

Watoto walimtazama bwana wa kwenye televisheni, jinsi alivyoinamisha kichwa, jinsi midomo yake ilivyotetemeka. Wakamtazama Loserian. Hata Derick, ambaye alikuwa tayari kuamini chochote kinachotoka kwa baba yake, alionekana anapata shida.

"Mbona analia?" aliuliza Namnyaki kwa upole.

"Anamkumbuka. Si amesafiri?"

Na kana kwamba aibu hiyo haijatosha, papa mkubwa akatokea, akageuka, akafungua kinywa chote, meno safu nyuma ya safu, na umeme ukakatika. Mgao. Picha ikanywea ikawa nukta, nukta ikazimika, lakini yale meno yalikuwa yameshaingia vichwani mwa watoto, na hapakuwa na mtu wa kuyatoa.

Walitoka kimya kimya kutafuta ndala zao. Loserian alikuwa bado kwenye kiti chake alipowasikia nje ya dirisha.

"Anasema hivyo kwa sababu papa wao hawanunuliwi," alisema Elinaza.

"Baba yangu hasemi uongo," alisema Derick.

"Sijasema uongo. Nimesema hawanunuliwi."

Loserian alikaa mbele ya kioo cheusi kinachomwonyesha mwenyewe, mtu mnene kidogo mwenye shati la kiwandani lililofutika jina. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa ameshikilia jambo moja tu, kwamba wapo watu, hata kama ni wadogo, wanaosubiri aseme. Sasa waliogopa papa na hawakumwamini yeye. Maneno ndiyo yaliyoharibu, na kila akiongeza maneno mengine yanazidi kuharibu. Alifikiria kwenda nyumba kwa nyumba. Alifikiria kumwita mchungaji awaambie kanisani. Halafu akafikiria jambo jingine, akainuka kabla hajamaliza kulifikiria.

Alimkuta Anneth uani anaanua nguo.

"Mama Namnyaki. Kesho tukitoka ibadani, upike."

"Huwa sipiki?"

"Upike hao."

"Hao kina nani?"

"Papa. Unipikie mimi."

Anneth aliweka shati begani. "Leo usinitanie, Baba Namnyaki. Nitakuumiza."

"Sikutanii. Nitawaita watoto na mama zao. Wanione."

"Utatapika mbele za watu na hapo ndiyo tutakuwa tumekwisha kabisa."

"Sitatapika."

"Nikianza kumpika tu, harufu inakuhamishia barazani."

"Nimesema sitatapika."

Anneth alimtazama usoni kuona kama anamaanisha. Kisha akarudi kwenye nguo zake, akaanua mbili tatu kabla ya kusema, "Basi nitamloweka leo hii. Chumvi itoke."

*

Siku ya Bwana, baada ya ibada ya pili, sebule ilijaa kuliko Jumamosi yoyote. Loserian alikuwa amepita mwenyewe. Kwa Tekla alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, njoo na watoto. Na yule anayesema habari za pete, njoo naye." Akina mama walikuja na vitenge vya kanisani, wakasimama ukutani na mlangoni, nusu kwa udadisi, nusu tayari kucheka. Watoto walikaa chini mbele. Umeme ulikuwepo. Loserian aliweka kanda, papa akaanza kuzunguka kwenye maji yake ya bluu, na Loserian akapunguza sauti mpaka Mzungu akawa anachezesha mdomo tu.

"Leo huyu hatumhitaji," alisema. Alibaki amesimama. Mikono hakujua aiweke wapi. "Watoto, nina neno. Yule Mzungu mimi simwelewi."

Akina mama walitazamana.

"Leo tu?" aliuliza Derick.

"Tangu kanda ya kwanza. Neno mojamoja namwelewa. Maji. Samaki. Hatari. Mengine yote nilikuwa natunga."

Kando ya mlango mwanamke mmoja aliguna. Namnyaki aliinamisha kichwa akawa anachezea pindo la gauni lake, na hilo lilimuuma baba yake kuliko mguno ule, lakini alishaanza, na kurudi nyuma kulikuwa mbali kuliko kwenda mbele.

"Yule kaka aliyeliwa nilimtunga. Kofia nilimtungia. Huyu bwana huenda analia kwa mambo yake, sijui. Na habari ya kukaushwa nimetunga. Papa wa Mama Namnyaki wanatoka Tanga kwa wavuvi, na hawajamla mtu."

"Umejuaje kama hawajamla mtu," alisema Elinaza, "na Mzungu humwelewi?"

Akina mama walicheka, na mama yake akamfinya sikio. Lakini lilikuwa swali zuri, na Loserian alikuwa amelitarajia.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana nakula mwenyewe kwanza. Mama Namnyaki, lete."

Anneth aliingia na sinia, akaliweka kwenye kigoda mbele ya kiti cha mumewe. Alikuwa amepika kama wa kupeleka harusini: papa amechambuliwa, tui zito, nyanya, pilipili nzima moja imekaa juu, ugali unafuka moshi pembeni. Harufu iliingia kabla yake. Wote waliomjua Loserian walimtazama Loserian. Alikaa kwenye kiti chake, akanawa, akaombea chakula kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alipofumbua macho chakula kilikuwa bado kipo.

Akamega. Akachovya, akahakikisha kwenye tonge kuna kipande cha kuonekana, kwa sababu hakutaka mtu aseme amekula mchuzi. Nyuma yake papa wa televisheni aligeuka, akafungua kinywa. Loserian naye akafungua chake.

Chumvi ndiyo iliyofika kwanza, halafu nazi, halafu kitu chenyewe, chenye nyuzi, kinachotafunika kama nyama iliyokaushwa juani, na nyuma ya yote ile harufu aliyoikimbia maisha yake yote, sasa iko ndani na hakuna pa kuikimbilia. Alimwona mama yake. Alimwona amesimama mlangoni pa nyumba ya Kisongo, kibuyu cha maziwa mkononi, anamtazama mwanawe anavyomla nyoka. Samahani, yeyo, alimwambia mama yake moyoni, na machozi yakamtoka. Tonge lilifika mwanzo wa koo likasimama. Anneth alisogea hatua moja karibu na kiti.

Loserian alimeza.

Kisha akamega tena, haraka, kabla tumbo halijapata muda wa kuamua. Na la tatu. Kufika la nne tumbo lilikuwa limeacha kubishana. Jasho lilimtiririka, na ilikuwa pilipili sasa, pilipili tu, jambo la kawaida. Alijikuta anachagua vipande.

Derick alikuwa amesogea mpaka magotini pake.

"Baba. Ana ladha ya mtu?"

"Mwanangu, mtu sijawahi kula. Huyu ana ladha ya nazi."

"Nionje?"

"Nawa kwanza."

Derick hakunawa. Alichota kipande kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna macho yakiwa juu darini kama mtu anayepiga hesabu, na akachota kingine. Namnyaki aliinuka, akaja upande wa pili wa kiti, bila kumtazama baba yake usoni, lakini alikuja. Halafu Elinaza, ambaye wiki nzima alikuwa amekula ugali na chumvi kwa msimamo wake mwenyewe, alimwangalia mama yake, akaona hasemi kitu, akatambaa mbele. Baada yake haikuwezekana tena kuhesabu mikono.

"Taratibu," alisema Loserian. "Huyu ni wangu."

Ukutani akina mama walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamebana pumzi. Aliyekuwa anasimulia habari ya pete alikuwa anawaeleza wenzake kwamba yeye tangu mwanzo alisema ni mwiba. Tekla alimvuta Anneth pembeni, lakini kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Kesho asubuhi niwekee kipande cha mgongoni. Kikubwa. Na kile nilichokurudishia, kama bado kipo, nirudishie."

"Kipo," alisema Anneth. "Ndicho hiki nilichopika."

Tekla alitazama sinia, akacheka mpaka akakaa chini na kitenge chake cha kanisani. Wengine nao wakaanza kuagiza, wa kesho, wa Jumanne, mmoja akasema atamtuma mtoto jioni hii hii kabla hajaambiwa wamekwisha. Anneth aliitikia haya, haya, sawa mama, nitakuwekea, na kila alivyoitikia mabega yake yalikuwa yanashuka kidogo. Loserian aliona. Alihisi kifua kimemfunguka hata akataka kuegemeza kichwa kwenye kiti alale hapohapo mbele za watu. Jumatatu mama wa Tanga angekuta gunia limepungua. Lisipopungua lote, angalau lingekuwa limeguswa.

"Baba Namnyaki," alisema Elinaza, mchuzi kidevuni. "Yule papa aliyekuwa na mawazo ya watoto wake, naye ulimtunga?"

Loserian alisita. Huyo alikuwa amempenda mwenyewe.

"Nilimtunga."

Elinaza alimgeukia papa wa kwenye televisheni, ambaye bado alikuwa anazunguka bila sauti, akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekutana upya na anayemfahamu. "Sasa ana nini?"

"Sijui," alisema Loserian. "Wewe unaonaje?"

Mtoto alianza kueleza, mwenzake akambishia, na mara sebule nzima ilikuwa inabishana papa ana nini, kila mmoja na lake, wakinyoosheana vidole vyenye mchuzi. Hakuna aliyemtazama Loserian. Alishangaa kwamba jambo hilo halimuumi.

Anneth alikuja kuchukua sinia. Lilikuwa jeupe, limefutwa na vidole vya kila ukubwa. Aliinama karibu na sikio la mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alimwongelesha kwa sauti yake ya kawaida.

"Inatosha. Nenda nyuma ya migomba ukatapike, nitawaambia umeitwa."

Loserian alilisikiliza tumbo lake. Akawatazama watoto, akamtazama mkewe, unga wa ugali ukiwa bado umemganda kwenye kiganja, macho mekundu kwa moshi wa asubuhi nzima.

"Kimebaki?" aliuliza.

"Kimebaki nini?"

"Papa. Niongezee."

Anneth alibaki ameinama, sinia mkononi, anamwangalia mwanamume yule kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa. Kisha akaenda jikoni, na kutoka huko Loserian akamsikia anakwangua sufuria mpaka chini kabisa, pale utamu unapokaa.